Taa Tatu Juu ya Tangi

Nyumbani, 9 Januari

Bata wangu,

Marahaba, mwanangu. Najua shikamoo yako iko njiani, naipokea kabla haijafika, maana huko uliko hata salamu zinapanda lori la saruji. Sisi hatujambo. Dada yako amejifungua salama, mtoto wa kiume, mnene, ana sauti ya mnadi. Wanasema amefanana na mimi. Nimekubali, nani anakataa sifa? Cherehani inazunguka, na jirani yetu kinyozi bado anafungulia redio yake kana kwamba mtaa mzima umemtuma.

Simu usiniulize. Kioo chake kimeharibika, maandishi hayaonekani kabisa, nimeitupa kwenye droo ya vifungo. Na wewe mwenyewe mpaka upande kilima ndio upate mtandao, ukifika juu unahema tu, mazungumzo hakuna. Tuandikiane kama walivyofanya wazee wetu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Taa ya tangi lako la samaki imekufa. Nilikuwa napiga pindo la gauni la bibi harusi, nikasikia "tak", kamoshi kidogo, basi. Uliponiachia tangi hili ukaenda kupima barabara yako, uliniambia nilishe samaki kidogo kidogo na nisiguse kitu kingine. Hukuniambia taa ikifa nifanye nini. Mimea imeanza kulegea, na wale samaki wadogo wenye mstari wa bluu wamejibanza kwenye kona kama wageni wasiojua wakae wapi.

Nimekwenda dukani. Muuza taa akaniuliza, "Mama, unataka taa ya kuonea au ya mapambo?" Nikamwambia ni ya majani, na hayo majani yanaishi ndani ya maji. Akanitazama kwa huruma, akanipa kiti nikae. Niandikie upesi ninunue ipi. Nimezoea kuinua uso kutoka kwenye kitambaa nikawaona wakipita, na bila wao chumba cha kushonea kimekuwa kikubwa mno.

Shangazi yako

*

Kambini, 2 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za dada na mtoto, na nimemhurumia mtoto kwa sura mliyompa. Mimi sijambo, ila kikohozi cha vumbi. Tunalala kwenye makontena. Mchana yanachemka, usiku yanalia yakipoa. Chakula ni maharage, na keshokutwa maharage. Mwuguzi wa kambi amenipa dawa na amenikataza kusimama nyuma ya magari. Nimemtii.

Sasa taa. Kwanza usichague taa inayokupendeza wewe. Taa ya tangi si ya mtazamaji, ni ya mmea. Pima urefu wa tangi kwa utepe wako wa kushonea, nunua taa ya ledi yenye urefu huohuo ili pembe zisibaki na giza. Kwenye boksi utaona namba ya rangi ya mwanga. Tafuta iliyo karibu na elfu sita na mia tano, huo ni mweupe kama wa adhuhuri. Zile za namba ndogo ni za njano, nzuri sebuleni, lakini samaki wataonekana kama wamekaangwa.

Halafu nguvu. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mimea yangu ni ya taratibu, ile iliyoshikana na gogo na ule mfano wa nyasi za msituni. Haitaki taa kali. Mmea unakula mwanga kama mtoto anavyokula uji: ukimzidishia hanenepi, anatapika. Kinachonenepa ni mwani, ule ukijani unaoganda kwenye kioo. Kwa hiyo chukua ya nguvu ya kati, iwake saa nane kwa siku, na nunua ile soketi yenye saa ili ijizime yenyewe. Wewe ukishashika shughuli unasahau hata kula.

Mimea itakaa wiki mbili tatu kabla ya kuonyesha shukrani. Usiwe na haraka.

Mwanao,
Bata

*

Nyumbani, 1 Machi

Bata wangu,

Marahaba. Barua yako imefika imekunjwa kama kitambaa cha mfukoni. Hatujambo. Mtoto ameanza kucheka, wanasema ana vishimo mashavuni. Kikohozi chako nimekisikia, na huyo mwuguzi nimemsikia pia. Tangu lini wewe ukakatazwa kitu ukatii? Mimi nilikukataza kuingia kwenye mapipa ya maji ya mvua miaka mingapi, ukaingia na nguo, mpaka mtaa mzima ukakuita Bata. Haya, tutaona.

Taa nimenunua, urefu uleule, namba uliyoitaka. Alinisomea muuza taa mwenyewe, maana maandishi ya maboksi ya siku hizi wanaandikia sisimizi. Bata, taa hii ni mshumaa. Nimeiwasha nikadhani umeme umepungua. Maji yanaonekana kama chai. Na samaki wako wamepoteza ule mstari wa bluu, wote, wamekuwa rangi ya vumbi. Nilikuwa nakaa hapa nawaona wakipita kama nyuzi zinazowaka, sasa napapasa kwa macho kutafuta walipo. Sijapenda.

Kazini ni maudhi tu. Mwalimu mkuu amerudisha suruali yake nyeusi, eti nimeishona kwa uzi wa bluu. Watu wana macho ya kutafuta makosa. Nimeifumua nikamshonea upya bila neno, na yeye akaondoka bila asante.

Nitarudi dukani nikachukue taa yenye nguvu zaidi. Wewe umezoea kulala kontenani, mwanga umeusahau.

Shangazi yako

*

Kambini, 20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Hujambo na cherehani? Barabara imefika mtoni, na mto umetugomea, tunasubiri daraja. Mwuguzi anakusalimu. Nilimwonyesha picha ya tangi, akauliza nani analitunza, nikamwambia mwanamke ambaye hata samaki wanamwogopa. Alicheka sana. Yaishie hapo.

Tafadhali usinunue taa nyingine. Samaki wale hupauka wakiwa gizani au wakiugua. Wanakula? Wanapumua juujuu? Mapezi yameliwa? Kama wanakula na wanakimbizana, si ugonjwa. Na taa ya namba ile haiwezi kufanya maji yawe chai. Rafiki yangu anayo hiyohiyo na tangi lake linang'aa. Safisha kwanza kifuniko cha kioo chini ya taa, huenda kina ukungu. Kama umeshanunua, irudishe kwa upole wako wote, ikiwa umebakiwa nao wowote.

Kuhusu mwalimu mkuu, nimeshangaa kidogo. Wewe ulikuwa unatofautisha nyeusi tano tofauti dukani, unamkemea muuza vitambaa kwa kukuletea nyeusi iliyochoka. Labda chumba kimekuwa na kiza tangu taa ilipokufa.

Bata

*

Nyumbani, 25 Aprili

Bata,

Marahaba. Samahani kwa karatasi hii ya kaki, ndiyo ninayokatia mifano ya nguo, na kalamu ni ile nene ya kuandikia maboksi. Vitu vingine vimepotea humu ndani, sijui vinakwenda wapi. Dada yako na mtoto wazima. Barua yako alinisomea kinyozi kwa sababu mikono yangu ilikuwa na mafuta ya cherehani. Alisoma kwa sauti ya mtangazaji, na kwenye viti walikuwapo wateja wawili wenye povu kidevuni. Kwa hiyo habari za mwuguzi zimeshazunguka mtaa na kurudi. Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja.

Taa ya pili nilikuwa nimeshanunua kabla barua haijafika. Muuza taa alisema hiyo wanafunga kwenye viwanja vya magari. Nayo haikutosha, nikaongeza ya tatu. Sasa ziko tatu juu ya tangi, zinawaka tangu naamka mpaka naingia kulala, na soketi yako ya saa nimeiondoa. Bado giza, Bata. Kuna manyoya ya kijani kwenye kioo, nikigusa yanateleza, na kinyozi anasema maji yamekuwa kama supu ya mboga. Samaki wanakula, wanakimbilia mkono wangu nikiuingiza. Mmoja simwoni siku nyingi, nadhani amekufa na wenzake wamemzika tumboni.

Nakuomba uniambie taa iliyo kali kuliko zote. Sitaki kuliharibu tangi lako. Kila siku nakaa mbele yake na ninaliona linanitoka.

Shangazi yako

*

Kambini, 14 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Herufi zako zimekuwa kubwa hata dereva wa lori alizisoma akiwa ameketi kwenye usukani. Mto umeshuka kidogo, kazi inaendelea, sijambo kabisa.

Kuna jambo halikubali kichwani mwangu. Mwani hauoti gizani. Kama kioo kimeota manyoya, basi mwanga ni mwingi kupita kiasi. Halafu wewe unaniambia bado giza. Mojawapo ya hayo mawili si kweli, na mwani haujui kusema uongo.

Kwa hiyo nisaidie nizipime hizo taa kutoka huku. Fanya mambo mawili tu. La kwanza, tazama taa moja iliyowaka kwa mbali, uniambie kama ina duara la mwanga kuizunguka. La pili, chukua uzi mweusi na uzi wa bluu iliyokolea, zikate vipande, uvichanganye, uviweke chini ya taa za tangi, kisha unitenganishie upi ni upi. Usimwite kinyozi. Taa nzuri inaonyesha tofauti, taa mbaya haionyeshi. Nitajua tatizo ni nini.

Mwanao

*

Nyumbani, 10 Juni

Bata,

Marahaba. Mtoto ana jino, nimelipapasa kwa kidole, limening'ata. Mvua hakuna. Kinyozi amenunua kiti kipya kinachopanda na kushuka, watu wanakwenda kunyolewa wakiwa hawana nywele.

Umeniuliza kama taa ina duara. Taa zote zina duara, mwanangu, hata za barabarani, hata za magari, kila moja imevaa kilemba cha mwanga. Umeme wa siku hizi wanauchanganya. Zamani haikuwa hivyo.

Nimeamua kupumzika kidogo na kazi. Nguo za watu nimezirudisha, zile ambazo sijazianza. Miaka yote nimeinamia sindano, kuna ubaya gani mtu akakaa akanyoosha mgongo? Dada yako ananisumbua kwa maswali, na wewe usianze. Tangi liko palepale. Kula vizuri. Mwambie mwuguzi nashukuru kwa salamu, nami ninamsalimu, na ninamtazama.

Shangazi

*

Kambini, 29 Juni

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Sina habari za kuanzia leo. Nimejaribu kuandika za barabara, nikachana karatasi.

Umenijibu kila kitu isipokuwa nyuzi.

Wewe uliniambia taa ina duara. Samaki wamepoteza bluu, maji yamekuwa chai, maandishi ya boksi ya sisimizi, kioo cha simu kimeharibika, uso wa mtoto unaelezwa na watu, suruali nyeusi imeshonwa kwa bluu. Na sasa umerudisha nguo za watu, wewe uliyekuwa ukishona ukiwa na homa. Nilimsomea mwuguzi mambo haya mfululizo, akaweka kikombe chini, akasema, "Bata, shangazi yako ana mtoto wa jicho."

Umenunua taa tatu, Shangazi. Tatizo si taa, ni kioo. Tangi likiota mwani hatuongezi taa juu yake, tunasafisha kioo. Ndani ya jicho kuna kakioo kadogo, na chako kimeota ukungu. Mwuguzi anasema daktari hukitoa akaweka kipya, na watu hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua; msemo huo nimejifunza kwako, uliniimbia nilipokuwa nimeficha jino bovu.

Naomba uende. Nenda na kinyozi, nenda na dada, nenda na yeyote. Wewe ndiye uliyenilea. Kila shati nililovaa shuleni lilipita mikononi mwako, na siwezi kukaa huku nikipima barabara za watu wakati wewe unapapasa ukuta.

Bata

*

Nyumbani, 12 Julai

Bata,

Bibi yako alikwenda kupimwa macho akarudi na fimbo. Mimi ndiye niliyemshika mkono kwenda, na mimi ndiye niliyemshika mkono kurudi. Alipokwenda aliona mlango. Walimwambia hakuna la kufanya, na tangu siku ile akakaa kwenye kiti mpaka alipofariki. Hilo la kwamba hakuna la kufanya ninaweza kujiambia mwenyewe, bila kupanga foleni.

Usiniandikie tena habari hiyo. Niandikie za barabara.

Shangazi

*

Kambini, 30 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Barabara imevuka mto. Daraja ni la chuma, ukipita na lori linaimba. Nimeomba ruhusa nije, msimamizi amesema hakuna kutoka mpaka kipande hiki kiishe. Mtoto wa dada msalimie.

Sitaandika habari za macho. Nina mambo mawili ya kuuliza. La kwanza ni la marehemu bibi. Mwuguzi aliniuliza alikuwa akijigonga wapi. Nilikumbuka kuwa mbele alikuwa anaona, uzi anatunga, lakini akitembea anajigonga na milango ya pembeni, na watu waliosimama kando hakuwaona. Mwuguzi akasema huo ulikuwa ugonjwa mwingine, presha ya macho, unaokula kuanzia pembeni, na ukishakula haurudishi. Ukungu ni kitu kingine. Wewe milango ya pembeni unajigonga? Sihitaji jibu, jiulize mwenyewe.

La pili ni la tangi, na hili nakuomba kama mwenye samaki. Zima taa mbili, ibaki ile ya kwanza uliyoiita mshumaa. Chukua kitambaa cha pamba ufute mwani kwenye nusu moja tu ya kioo. Nusu nyingine iache na manyoya yake. Kisha kaa kwenye kiti chako, utazame samaki wakipita kutoka nusu chafu kwenda nusu safi. Taa ni ileile, maji ni yaleyale, samaki ni walewale.

Naogopa, Shangazi. Sikusema kwenye barua iliyopita kwa sababu nilikuwa najifanya mtu mzima.

Bata wako

*

Kambini, 6 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Malori matatu yamekuja bila barua yako. Kila lori likifika mimi ndiye wa kwanza kulipokea, mpaka dereva ananionea aibu. Nimepanda kilima nikapiga simu yako, imezimwa. Ya dada inaita, haipokelewi. Kama umenikasirikia, niandikie matusi, nitayasoma kwa raha. Neno moja tu linatosha.

Bata

*

Nyumbani, 20 Septemba

Bata wangu, mwanangu,

Marahaba nyingi, za barua zote. Kabla hujasoma lolote, angalia mwandiko. Umeuona ulivyo mdogo? Nimetumia karatasi yenye mistari na herufi zinakaa juu ya mstari kama watoto wenye adabu. Basi sasa pumua, ndipo usome.

Wote hatujambo. Dada yako hakupokea simu kwa sababu nilimkataza. Nilijua akisikia sauti yako atalia, nawe utaruka mto bila ruhusa.

Kioo nilikifuta nusu siku ileile kinyozi aliponisomea barua. Safari hii nilimwambia afunge mlango na azime redio. Nikakaa. Samaki walikuwa vivuli kwenye nusu ya kijani, wakivuka walikuwa samaki. Samaki wa vumbi, lakini samaki. Nikakaa na hilo jambo, Bata, siku nyingi kuliko ninavyotaka kukuambia. Nililielewa, ila kuelewa na kunyanyuka ni safari mbili. Jioni nilikuwa napita mlangoni huku nikijipima kama nitagonga ubavu. Sikugonga.

Kilichoninyanyua ni mtoto. Nilimshonea kashati, nikijiambia mikono yangu inajua kazi hata bila macho. Dada yako akamvisha, mtoto akapiga ukelele. Nilikuwa nimeacha pini kwenye kola. Mimi. Tangu nianze kushona sijawahi kumwacha mtu na pini mwilini. Alichubuka kidogo tu shingoni, baada ya muda mfupi alikuwa anacheka, lakini mimi sikucheka. Nilitoka nikaenda kwa kinyozi, mteja yuko nusu kichwa, nikamwambia, "Nipeleke kwa watu wa macho kabla sijabadili nia." Akamwambia mteja asubiri. Alisubiri mpaka saa za mchana, nusu kichwa.

Hospitali walinipima presha ya macho kwanza. Daktari ni mwanamke mdogo, umri wa dada yako, ana mikono ya baridi. Nilishika kiti kana kwamba kitakimbia. Akaniambia, "Mama, presha yako ni nzuri kabisa. Wewe una mtoto wa jicho, yote mawili. Hili tunalitoa." Nikamwuliza arudie. Akarudia. Nililia palepale, Bata, nikamloweshea koti. Miaka yote hii nilikuwa nimekaa ndani ya kiti cha mama yangu nikimsubiri mtu aje aniambie hakuna la kufanya, na hakuna aliyekuwa anakuja.

Walifanya jicho la kulia kwanza. Walinitia dawa ya matone, nikawa macho wazi, nasikia wanazungumza habari za mtu anayeuza kabati. Sikuhisi maumivu. La kushoto watalifanya mwezi ujao, naye kinyozi ameshatangaza kuwa siku hiyo hanyoi mtu.

Kesho yake wakafungua kitambaa. Mwuguzi wao alikuwa amevaa gauni la bluu. Nikamwambia, "Binti, hiyo bluu umeitoa wapi?" Akasema, "Ni sare tu, mama, imepauka." Imepauka! Ilikuwa bluu ya kumfanya mtu apige magoti. Nimegundua pia ukuta wangu wa chumba cha kushonea ni mchafu sana, na kwamba kinyozi ameota mvi, sijui tangu lini, na yeye hakuniambia. Simu haikuwa na ubaya wowote. Imelala kwenye vifungo ikiwa nzima kama yai.

Mtoto nimemwona. Wamenidanganya wote. Hajafanana na mimi hata kidogo. Amefanana na wewe, masikio yaleyale, na jana alijaribu kuingia kwenye beseni.

Sasa tangi. Nilipoingia ndani na jicho langu jipya, nikasahau nikawasha zile taa tatu. Nilidhani nyumba imeungua. Nilijifunika uso kwa khanga, nikapapasa waya nikazing'oa. Mbili nimempa kinyozi, sasa kibanda chake kinaonekana mpaka barabara kuu na wateja wanalalamika kuwa kila upungufu unaonekana. Juu ya tangi nimeacha ile ya kwanza, mshumaa. Inatosha, mwanangu. Ni nyeupe kama adhuhuri, ulivyosema. Soketi ya saa nimeirudisha, kioo nimekifuta chote, na mmea wa kwenye gogo umetoa jani jipya, limejikunja bado. Yule samaki niliyemzika kwenye barua hajafa. Alikuwa nyuma ya gogo muda wote.

Jioni nafumba jicho moja, kisha jingine. Kwa la kushoto, samaki ni chai. Kwa la kulia, mstari wa bluu unapita, unawaka, wote, hakuna aliyeupoteza. Nafanya hivyo kama mtoto mpaka chai inapoa.

Mwuguzi wako mwambie kwamba nimemsamehe kwa kukufundisha utii. Mwambie aje nimpime, maana mkono unaniwasha kushona gauni, na usijifanye huelewi gauni gani. Dalili ya mvua ni mawingu, na wewe umekuwa ukinyeshewa tangu Februari.

Nimekuwekea kipande cha kitambaa cheupe ndani ya bahasha. Mwezi wa tano uliniuliza kitu nikajifanya sikusikia, kwa sababu siku ile nilitandika zile nyuzi chini ya taa tatu, nikainama mpaka pua ikagusa meza, na zote zilikuwa nyeusi. Nikazifagia. Leo nimekaa mchana mbele ya dirisha, nikatunga sindano mwenyewe, mara ya kwanza baada ya miezi mingi, nikakushonea jibu. Mshono wa juu ni mweusi. Wa chini ni bluu.

Shangazi yako